Salfa Dohanini: Historia ya Hewa ya Ghuba ya San Pedro

Ghuba ya San Pedro, kusini mwa jimbo la California nchini Marekani, ina bandari mbili zinazopakana: Los Angeles na Long Beach. Kwa pamoja ndizo lango kubwa zaidi la makontena nchini humo. Mchana upepo wa bahari huvuma kuelekea nchi kavu, na milima iliyo nyuma ya jiji huizuia hewa isisambae mbali. Kwa hiyo moshi wa meli hauishii baharini. Huingia kwanza katika makazi ya San Pedro, Wilmington na magharibi ya Long Beach, kisha huenea bondeni.

Chanzo cha tatizo ni mafuta. Meli za mvuke zilichoma makaa ya mawe hadi mafuta yalipoanza kuchukua nafasi yake mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1912 meli ya Denmark iliyoitwa Selandia ilionyesha kwamba injini ya dizeli inaweza kuvusha mizigo katika bahari kuu. Injini hizo zilitumia mafuta mepesi, ambayo yalikuwa ghali. Mwishoni mwa miaka ya 1940, majaribio ya injinia John Lamb katika meli ya mafuta Auricula yalithibitisha kwamba zinaweza pia kuchoma mafuta mazito, yaani masalio yanayobaki kiwandani baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutolewa. Mafuta hayo ni meusi na mazito kama lami, na hayasukumiki bombani vizuri mpaka yapashwe moto. Kwa kuwa bei yake ni nafuu, yalienea katika meli za dunia nzima.

Unafuu huo ulilipiwa na mapafu ya watu wa pwani. Salfa iliyomo katika mafuta hayo ikiungua hutoka dohanini ikiwa gesi ya dioksidi ya salfa, na sehemu yake hugeuka hewani kuwa chembechembe laini zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Kuanzia mwaka 2006 dizeli ya malori ya California ilitakiwa isizidi sehemu 15 za salfa katika milioni, ilhali mafuta mazito ya meli yalikuwa na zaidi ya 25,000 kwa wastani. Hata meli iliyofunga gatini haikuacha kutoa moshi, kwani jenereta zake ziliendelea kunguruma usiku na mchana ili kuwasha taa, kuendesha pampu na kupoza makontena ya vyakula.

Sheria ya kimataifa ilichelewa. Kiambatisho cha Sita cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotokana na meli, kinahusu hewa; kilipitishwa mwaka 1997 na kuanza kutumika mwaka 2005. Kiliruhusu salfa hadi asilimia 4.5, kiwango kilichokuwa juu kuliko wastani wa mafuta yaliyouzwa wakati huo. Meli nyingi hazikulazimika kubadili chochote.

Msukumo ulitoka kwa wakazi. Mwaka 2001 vyama vya wenye nyumba wa San Pedro, pamoja na watetezi wa mazingira, vililishtaki jiji la Los Angeles kwa kuidhinisha gati jipya la makontena bila kupima ipasavyo athari zake. Mwaka 2002 mahakama ilisimamisha ujenzi, na mwaka uliofuata pande hizo zilifikia maafikiano ya dola milioni 50. Sharti mojawapo lilikuwa meli kutumia umeme wa nchi kavu zikiwa gatini. Gati hilo lilifunguliwa mwaka 2004. Meli ikishafunga kamba, nyaya nene huunganishwa na umeme wa bandarini, kisha jenereta huzimwa na dohani hunyamaza. Mwaka 2006 bandari zote mbili zilipitisha mpango wa pamoja wa kusafisha hewa.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya jimbo. Kuanzia Julai 2009 meli iliyokaribia maili 24 za baharini kutoka pwani ya California ilitakiwa kuacha mafuta mazito na kutumia mepesi. Kazi hiyo haikuwa rahisi kwa mafundi wa chumba cha injini. Mafuta mazito huingia injini yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 100, mepesi huingia yakiwa baridi zaidi, na mabadiliko ya ghafla huweza kukwamisha pampu. Baadhi ya meli zilizimikiwa na injini karibu na bandari. Nyingine ziliacha mlango wa bahari wa Santa Barbara, ulio kati ya pwani na visiwa, na kuzunguka nje ya visiwa hivyo ili zikae nje ya mpaka. Mwaka 2011 mpaka wenyewe ulipanuliwa.

Matokeo yalipimwa baharini. Mei 2010 watafiti waliifuata meli ya makontena Margrethe Maersk ilipokuwa ikibadili mafuta na kupunguza mwendo. Dioksidi ya salfa ilishuka kwa asilimia 91.

Kanuni pana zilifuata. Eneo la udhibiti wa moshi wa meli la Amerika Kaskazini, lenye upana wa maili 200 za baharini, lilianza kufanya kazi mwaka 2012. Mwaka 2015 kikomo chake kilishushwa hadi asilimia 0.1. Tarehe 1 Januari 2020 kikomo cha dunia, kilichokuwa kimeshashushwa kutoka asilimia 4.5 hadi 3.5, kilishuka hadi 0.5, nacho kinahusu pia meli zinazofika Mombasa na Dar es Salaam.

Takwimu za bandari za Los Angeles na Long Beach zinaonyesha kwamba, tangu mwaka 2005, oksidi za salfa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90 na chembechembe za dizeli kwa zaidi ya asilimia 80. Oksidi za nitrojeni zimepungua kwa kiasi kidogo zaidi, kwa sababu hutokana na joto la injini na si uchafu wa mafuta. Msongamano wa mwaka 2021, meli nyingi zilipokaa nangani zikisubiri gati, ulipandisha tena moshi. Kubadili mafuta kuliondoa sehemu kubwa ya salfa. Oksidi za nitrojeni na foleni za meli bado zinadai injini mpya na ratiba bora za bandari.