Mteja au Mtumiaji? Usanifu wa Uzoefu wa Mtumiaji na Mbinu ya Ajaili, 2001–2008

Mnamo Februari 2001, wataalamu 17 wa programu za kompyuta walikutana Snowbird, Utah, nchini Marekani, wakatoa Ilani ya Ajaili. Ilani hiyo ilithamini zaidi programu inayofanya kazi kuliko wingi wa nyaraka, na ushirikiano na mteja kuliko majadiliano ya mkataba. Hoja ya insha hii ni kwamba neno mteja ndilo kiini cha mvutano uliofuata baina ya mbinu hiyo na usanifu wa uzoefu wa mtumiaji, kwa kuwa anayeagiza programu si lazima awe ndiye anayeitumia.

Kent Beck, mmoja wa waliotia saini, alikuwa ameeleza mwaka 1999 mbinu ya Extreme Programming, ambamo mteja hukaa na waandaaji wa programu na kuamua lipi litangulie. Mwaka huohuo, Alan Cooper alichapisha kitabu *The Inmates Are Running the Asylum*, akidai kwamba mwenendo wa programu usanifiwe kwa kuzingatia malengo ya mtumiaji kabla ya msimbo kuandikwa. Walipojadiliana mwaka 2002, Cooper alishikilia kuwa usanifu utangulie. Beck aliona kwamba hatua hiyo ingerudisha utaratibu ambao ajaili ilikusudia kuuacha.

Suluhu ya kivitendo ilielezwa na Lynn Miller mwaka 2005 na Desirée Sy mwaka 2007, kutokana na kazi yao katika kampuni ya Alias, Toronto. Wakati waandaaji wakijenga sehemu za mzunguko uliopo, wasanifu walisanifu za mzunguko ujao, wakakusanya taarifa za mzunguko unaofuata huo, na kuwajaribishia watumiaji zilizokwisha kujengwa. Mwaka 2008, Cooper mwenyewe alihutubia mkutano wa wanaajaili uliofanyika Toronto.

Aghalabu historia hii husimuliwa kama tatizo la ratiba lililokwisha kutatuliwa. Hata hivyo, utaratibu wa Toronto ulijibu swali la lini msanifu afanye kazi. Haukujibu swali la nani aamue pale matakwa ya mteja yanapokinzana na mahitaji ya mtumiaji. Kwa mantiki hiyo, mizunguko ya kazi iliunganishwa, lakini mamlaka ya uamuzi yalibaki kwa mteja.