Usukani wa pikapu unapolia: Chanzo cha kelele na tiba yake

DEREVA wa pikapu anayetoka Muthangari kwenda kupakia mboga Kangemi au kushusha saruji Kawangware hukutana, katika safari moja fupi, na matuta, mashimo na hatimaye lami pana ya Waiyaki Way, mahali ambapo barabara ya Nairobi Expressway iliyofunguliwa mwaka 2022 huanza safari yake ya kuelekea Mlolongo. Penye mashimo, usukani unaolia ni kero tu. Penye mwendo wa kasi, sauti hiyo hiyo huenda ikawa onyo la mwisho kabla ya gurudumu kukataa kumtii dereva.

Kelele za usukani hazina chanzo kimoja, na hapo ndipo wenye magari wengi hupoteza fedha. Mtu huuziwa pampu nzima ilhali kilichochakaa ni mkanda unaoizungusha. Yafaa kusikiliza kabla ya kufungua chochote: je, ni mluzi, mkwaruzo au mgongo wa chuma kwa chuma? Je, husikika gari likiwa limesimama au likienda? Na je, hukoma injini inapozimwa? Swali la mwisho lina uzito kuliko mengine. Pampu huendeshwa na injini, kwa hivyo kelele inayosikika injini ikiwa imezimwa haiwezi kutoka kwake.

Pikapu nyingi za zamani, mathalan Peugeot 504, hazikuwa na pampu hata kidogo. Dereva alitegemea misuli yake. Usukani wenye kusaidiwa na mafuta ulianza kuuzwa katika magari ya abiria mwaka 1951, kupitia kampuni ya Chrysler ya Marekani, ingawa mhandisi Francis Davis alikuwa ameshughulikia wazo hilo tangu miaka ya 1920. Siku hizi mfumo huo umo katika pikapu nyingi zinazoonekana Nairobi, zikiwemo Toyota Hilux na zile za Isuzu.

Mluzi au mnung'uniko unaoongezeka usukani unapozungushwa aghalabu huashiria kwamba mafuta yamepungua au hewa imeingia. Kikopo cha mafuta kina alama za kiwango cha chini na cha juu. Mafuta yenye povu yameingiwa na hewa. Yaliyogeuka meusi na kunuka kama kitu kilichoungua yanapaswa kubadilishwa. Kuongeza tu hakutoshi, kwa kuwa mafuta hayo hayaishi bila kuvuja mahali fulani. Paipu, pampu na mipira ya kando ya reki zikaguliwe.

Aina ya mafuta ifuate kitabu cha gari. Miundo mingi hutumia mafuta ya giaboksi ya otomatiki, lakini si yote. Mafuta ya breki yasitiwe kamwe, hata kwa dharura, maana huharibu sili za mpira, na hitilafu ya gharama ndogo hugeuka kuwa ya mfumo mzima.

Ili kutoa hewa, magurudumu ya mbele huinuliwa kwa jeki na gari kuegemezwa juu ya stendi imara. Injini ikiwa imezimwa, usukani huzungushwa polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara kadhaa, huku mafuta yakiongezwa. Kisha injini huwashwa na zoezi kurudiwa hadi mapovu yaishe. Usukani usishikiliwe mwishoni kwa zaidi ya sekunde chache, kwani pampu hupata joto jingi. Mlio mdogo unaosikika hapo mwishoni ni wa kawaida, na fundi anayeutoza fedha anatibu gari lisiloumwa.

Mkwaruzo mkali wakati wa kuwasha gari asubuhi, hasa siku za mvua, ni wa mkanda uliolegea au uliopasuka. Kuukaza au kuubadilisha ni kazi ndogo.

Kelele ya kuogopwa ni ile ya kugonga: ko-ko-ko gari linapovuka tuta au kukata kona. Hii hutoka kwenye viungo, yaani tairodi, bolijointi, bushi za mikono ya chini, au jointi ya krosi kwenye mtaimbo unaoshuka kutoka usukani. Bolijointi ikichomoka, gurudumu hulala upande na dereva hana tena la kufanya.

Upimaji wake huhitaji watu wawili. Mmoja huchezesha usukani kidogo kushoto na kulia gari likiwa limesimama chini, na mwingine hushika kila kiungo kwa mkono, kilicholegea hujitambulisha. Baadaye gurudumu huinuliwa na kutikiswa. Likicheza linaposhikwa kushoto na kulia, mshukiwa ni tairodi au reki. Likicheza linaposhikwa juu na chini, ni bolijointi au beringi. Ili kutofautisha hizi mbili, mtu akanyage breki: mchezo ukiisha, ni beringi, ukibaki, ni bolijointi.

Kiungo kilicholika hubadilishwa. Kukichomelea au kukigonga nyundo ili kikaze ni kuahirisha ajali. Vipuri hupatikana kwa wingi katika Barabara ya Kirinyaga na eneo jirani la Grogan, lakini bei ya chini mno itiliwe shaka. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa ghushi tangu mwaka 2008, na bado mnunuzi ndiye mlinzi wa kwanza. Mpira wa kufunika kiungo ukaguliwe kabla ya malipo, kwani kipuri kilichotumika Japani huweza kung'aa nje huku mpira wake umepasuka.

Fundi anapofungua ncha ya tairodi, ahesabu mizunguko ya nyuzi ili mpya ifungwe palepale, na pini ya usalama iwe mpya. Baada ya hapo gari lipelekwe kwenye mashine ya kupima mwelekeo wa magurudumu. Anayekwepa hatua hiyo kwa sababu kelele imekwisha hugundua kosa lake matairi ya mbele yanapolika upande mmoja.