Masizi ya Injini: Yalianzia Wapi, na Tuyaondoeje

Ndugu mkulima, pikipiki yako ya zamani, ile ya moshi wa buluu, imekosa nguvu mlimani. Au bomba lako la injini la kupulizia dawa linazimika katikati ya shamba, na wadudu hawangoji. Ukilifungua utakuta ukoko mweusi. Hayo ni masizi, au kaboni. Yametoka wapi?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1891 Joseph Day, wa mji wa Bath nchini Uingereza, alisajili injini nyepesi ya mipigo miwili. Ndani yake, nyumba ya krenki ndiyo pampu: huvuta hewa na petroli na kuvisukuma kwenye silinda. Basi humo hapawezi kukaa oili nyingi kama katika injini ya mipigo minne. Baadaye ikawa desturi kuchanganya oili na petroli. Oili hiyo huingia motoni, lakini haiungui yote. Inayobaki huganda juu ya pistoni, kwenye mifereji ya ringi, kwenye tundu la kutolea moshi na ndani ya eksozi.

Mwaka 1964 Yamaha walileta Autolube, pampu ndogo inayopima oili kulingana na kazi ya injini. Masizi yakapungua, lakini hayakwisha.

Sasa sikiliza vizuri. Wengi wetu huzidisha oili tukidhani tunaitunza injini. Sivyo! Ikizidi, masizi huongezeka. Ikipungua, pistoni hukwama. Fuata kipimo cha kitabu cha mashine yako.

Injini ikifunguliwa, ziba mdomo wa nyumba ya krenki kwa kitambaa safi. Kwarua masizi kwa kijiti kigumu, wala si kwa bisibisi, maana itachubua pistoni. Mifereji ya ringi isafishe taratibu kwa kipande cha ringi kuukuu. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, paka oili. Na eksozi usiisahau: ikibaki imeziba, umefanya kazi bure.

Pikipiki nyingi za leo ni za mipigo minne. Hizo nazo zikitoa moshi wa buluu, kukwarua peke yake hakutoshi. Mwambie fundi atazame ringi na sili za valvu, maana oili inapenya mahali.

Haya ndugu, kagua mashine yako kabla ya msimu. Kazi njema.