Patrice Lumumba, mjumbe wa Stanleyville: hesabu za kura zake



Katekista mmoja wa upande wa Salamabila aliniuliza swali, tukikaa barazani nyuma ya Misa: «Padri, nimekwisha kuchagua mara nne, tangu mwaka wa 2006 hata 2023. Kura yangu inafanya kazi gani?» Sikumjibu upesi. Swali lake ni la zamani, lina miaka sawa na uhuru wetu. Kwa hiyo nimeona vema tutazame habari za mjumbe mmoja ambaye jina lake kila mtoto analijua, lakini hesabu za kura zake wachache wanazijua.

Patrice Lumumba alizaliwa tarehe 2 julai 1925 kule Onalua, katika Sankuru. Alisoma kwa wamisionari Wakatoliki, kisha kwa Waprotestanti. Sisi watu wa Maniema tukumbuke kwamba alipokuwa kijana alifanya kazi kwetu Kalima, katika kampuni ya Symétain iliyochimba bati. Baadaye akawa karani wa posta Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani. Mwaka wa 1956 alifungwa juu ya feza za posta. Tusilifiche jambo hilo: mwenye kuandika historia hachagui mambo mazuri tu.

Tarehe 10 oktoba 1958 chama cha MNC kilianzishwa Léopoldville, naye akawa mkubwa wake. Mwaka uliofuata chama kikapasuka; Kalonji na wenzake wakaenda njia yao. Mwisho wa oktoba 1959 kulitokea fujo Stanleyville, watu wakafa, Lumumba akakamatwa. Desemba ile watu wa Stanleyville walichagua washauri wa mji, na chama chake kilishinda kabisa, yeye mwenyewe akiwa kifungoni. Januari 1960 alihukumiwa miezi sita, lakini siku chache tu zikapita, Wabelgiji wakamfungua aende Bruxelles kwenye Meza ya Mviringo, ambako tarehe 30 juni iliwekwa kuwa siku ya uhuru.

Tufike sasa kwenye uchaguzi wa mei 1960. Wanaume peke yao ndio waliochagua. Mama zetu hawakuitwa. Baraza la Wajumbe lilikuwa na viti 137, kiti kimoja kwa watu 100.000. Lumumba alisimama kwa Stanleyville, akapata kura za jina lake zaidi ya 84.000. Chama chake kilipata viti 33, kupita vyama vyote. Lakini tazameni vizuri: viti 21 kati ya hivyo vilitoka Provensi ya Mashariki peke yake. Kivu, ambamo Kasongo na Kabambare zilikuwamo wakati ule, ilitoa 5. Katanga haikutoa hata kimoja.

Basi, mtu yule alikuwa mfalme wa kura nyumbani kwake, lakini katika inchi nzima hakufika hata robo ya viti. Ilimpasa kutafuta wenzi: PSA, Cerea na wengine. Tarehe 21 juni mtu wa chama chake, Joseph Kasongo, alichaguliwa kuwa mkubwa wa Baraza kwa kura 74, na Bolikango akapata 58. Siku mbili nyuma yake, serikali ya Lumumba ilikubaliwa kwa kura 74 vilevile. Tano tu zilikataa. Tusidanganyike na hizo tano: wajumbe 57 hawakuwamo barazani. Ilihitajiwa kura 69, naye alizipita kwa tano tu. Serikali ilisimama juu ya ukuta mwembamba sana.

Na mara mvua ikanyesha. Tarehe 5 julai askari waliasi. Tarehe 11 Katanga ikajitenga. Kasai ya Kusini ikafuata. Agosti jeshi lilitumwa Bakwanga, likaua raia wengi. Damu hiyo nayo imo katika hesabu ya serikali ile. Tarehe 5 septemba Rais Kasavubu alitangaza kumwondoa Lumumba, na Lumumba akatangaza kumwondoa Kasavubu. Baraza la Wajumbe likakutana tarehe 7, likakataa mambo yote mawili kwa kura 60 juu ya 19. Senati nayo ikamtetea Lumumba kesho yake, kura 41 juu ya 2.

Hapa ndipo kiini cha habari. Wajumbe walisema wazi, na neno lao halikufuatwa. Tarehe 14 septemba Kanali Mobutu alisimamisha wote kwa nguvu ya askari. Usiku wa tarehe 27 novemba Lumumba alitoroka nyumba aliyozuiliwa. Akaelekea wapi? Stanleyville, kwa wale waliomchagua. Hakufika: alikamatwa penye mto Sankuru. Tarehe 17 januari 1961 aliuawa karibu na Elisabethville, pamoja na Mpolo na Okito. Katika juni 2022 Ubelgiji ulirudisha jino moja, ndilo lililobaki la mwili wake, likazikwa Kinshasa.

Je, kura zile 84.000 zilifanya kazi gani? Zilimpa haki ya kusema kwa jina la watu; hakuna aliyeweza kusema kwamba alijiweka mwenyewe. Lakini kura haina mikono. Inangoja askari mwenye kutii sheria, mkubwa mwenye kukubali kushindwa, mjumbe mwenye kufika barazani siku ya kura, na mshindi mwenye kukumbuka wale ambao hawakumchagua. Mambo hayo hayaandikwi katika karatasi ya kura. Yanafundishwa nyumbani, shuleni, na katika katekisimu yetu juu ya haki na ukweli.

Ndilo jibu nililompelekea katekista wa Salamabila. Amenirudishia neno moja: «Basi, Padri, kazi haiishi siku ya kura.» Amesema vema. Ndiyo, inaanza siku ile.