Udongo wenye sumu unaweza kuoshwa, lakini sumu inaenda wapi?

Metali nzito kama risasi, zebaki na shaba haziozi. Zikiingia katika udongo zinabaki miaka na miaka, na mimea inazivuta kwa mizizi. Njia moja ya kuzitoa ni kuosha udongo kwa dawa.

Kazi yenyewe iko hivi: udongo unachimbwa, unachekechwa, halafu unakorogwa ndani ya mapipa makubwa pamoja na maji ya asidi, ao dawa inayoitwa EDTA, ambayo inashika metali na kuitoa katika udongo. Mchanga unatoka safi. Maji na tope laini ndivyo vinabeba sumu, na lazima visafishwe ao vifungiwe mahali salama. Kule Marekani, katika jimbo la New Jersey, mwaka 1993 waliosha tani karibu elfu 19 wakitumia maji na kutenganisha mchanga na tope. Mchanga ulirudishwa, tope likapelekwa kwenye jalala maalum. Kwa hiyo sumu haikufa, ilikusanywa tu.

Udongo wa mfinyanzi ni mgumu zaidi kuosha, kwani unang'ang'ania metali. Ukizidisha asidi, unaondoa pia chokula cha mimea.

Mfano wa karibu uko ngambo ya Ruwenzori, Kilembe, wilaya ya Kasese, kwa ndugu zetu Bakonzo. Shaba ilichimbwa pale toka 1956 mpaka 1982. Mabaki yakarundikwa bondeni, kandokando ya mto Nyamwamba. Mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yalipiga bonde lile lile, na maji yake yanaelekea ziwa George. Rundo moja la mabaki yenye kobalti lilipata mtu wa kulishughulikia: Kasese Cobalt Company, kuanzia 1999, ilitumia bakteria na asidi kutoa kobalti ndani yake. Sababu ni wazi: kobalti inauzika. Shamba la mihogo lenye shaba kidogo kidogo halimvuti mfanyabiashara yeyote.

Basi kwetu, ambapo dhahabu inachimbwa kwa zebaki upande wa Mambasa, mtu asijaribu kuosha shamba yeye mwenyewe. Na asidi ya betri, hapana kabisa! Yenyewe tayari ina risasi, na ukiimwaga, sumu inashuka kwenye chemchemi.

Kinachowezekana: chokaa na mbolea ya samadi vinapunguza risasi na shaba zinazoingia katika mimea (kwa zebaki, chokaa si dawa). Lengalenga, sombe na mboga za mizizi zisipandwe mahali zebaki ilichomwa ao betri zilipasuliwa, pandeni miti. Watoto wasicheze pale, kwa sababu vumbi la risasi linawadhuru kuliko watu wazima. Na udongo upimwe laboratware kwanza, kwani kwa macho huwezi kujua.