Ini Linavyosomwa Katika Mkojo na Damu

Ini huugua kimya kimya. Mtu anaweza kuishi na homa ya ini aina ya B kwa miaka 20 au 30, akalima, akazaa na kulea, huku makovu yakiongezeka ndani yake bila maumivu ya kumpeleka hospitali. Siku macho yanapogeuka manjano na tumbo kujaa maji, muda mwingi wa tiba umeshapotea. Kwa sababu hiyo matabibu wamelazimika kutafuta habari za ini nje ya ini lenyewe, katika yale linayoyatupa kwenye mkojo na damu.

Mkojo ulitangulia, maana haukuhitaji kisu wala sindano. Waganga wa Ugiriki ya kale waliufahamu mkojo mweusi wa mgonjwa wa manjano. Katika Ulaya ya zama za kati, daktari alichorwa akiwa ameinua chupa ya mkojo kwenye mwanga. Waliiona rangi bila kujua inatoka wapi. Mwaka 1826 Friedrich Tiedemann na Leopold Gmelin, wa Heidelberg nchini Ujerumani, walianza kuchapisha matokeo ya majaribio yao kuhusu usagaji wa chakula, na humo Gmelin akaeleza kipimo kilichobaki na jina lake: tindikali ya naitriki inapokutana na mkojo wenye nyongo, hutokea pete za rangi, kijani, buluu, zambarau, nyekundu. Sasa jicho la daktari lilikuwa na shahidi wa kemia.

Kuingia kwenye damu kulichukua karibu miaka 90. Mholanzi Hijmans van den Bergh alitumia njia ya rangi iliyobuniwa na Paul Ehrlich mwaka 1883, na mwaka 1916, akiwa na mwenzake Muller, akaonyesha kwamba bilirubini, rangi ya manjano ya nyongo, ina sura mbili katika damu. Moja hubadilika rangi papo hapo, nyingine mpaka iongezwe pombe. Tofauti hiyo ilimwezesha daktari kutenganisha manjano ya njia ya nyongo iliyoziba na manjano ya chembe nyekundu zinazovunjika kupita kiasi. Ripoti za maabara bado zinaandika bilirubini ya moja kwa moja na isiyo ya moja kwa moja.

Baadaye vikaja vipimo vingi ambavyo havikudumu. Armand Quick, nchini Marekani, mwaka 1933 aliwanywesha wagonjwa chumvi ya benzoeti, kisha akapima kwenye mkojo wao asidi ambayo ini hutengeneza kutokana nayo. Jijini London, mwaka 1944, Maclagan alichanganya majimaji ya damu na thaimoli akapima ukungu uliotokea. Vyote viwili vilitumika kwa miaka, kisha vikaachwa.

Kipimo kinachoagizwa zaidi leo kilianzia kwenye moyo.

Vimeng'enya vinavyoitwa transaminesi vilielezwa Moscow mwaka 1937 na Alexander Braunstein na Maria Kritzmann, waliokuwa wakichunguza misuli ya njiwa. Mwaka 1954, jijini New York, John LaDue, Felix Wróblewski na kijana Arthur Karmen waliripoti kwamba kimoja kati ya hivyo, tunachokiita AST, hupanda kwenye damu ya mtu aliyepatwa na shambulio la moyo. Seli inapokufa humwaga vilivyomo ndani yake, na damu huvibeba. Mwaka uliofuata Fernando De Ritis na wenzake wa Napoli, Italia, waliona jambo hilo hilo kwa wagonjwa wa homa ya ini. De Ritis hakuishia hapo. Alilinganisha AST na ndugu yake ALT, akaonyesha mwaka 1957 kwamba uwiano wao una habari zake. Kwa kawaida homa ya ini ya virusi huipandisha ALT zaidi. Kwa ini lililoharibiwa na pombe, AST mara nyingi huizidi ALT mara mbili au zaidi.

Hata hivyo vimeng'enya hivi husema kwamba seli zinakufa sasa, havisemi ni makovu mangapi yameshajengeka. Mgonjwa mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, anaweza kupimwa ALT ikaonekana ya kawaida kabisa, akarudishwa nyumbani akiwa ametulizwa moyo. Kosa hilo bado linatokea.

Bahati ya kupata kitu kisichotafutwa ilijirudia. Baruch Blumberg alikuwa akichunguza tofauti za kurithi katika protini za damu. Damu ya mgonjwa aliyeongezewa damu mara nyingi ilipokutanishwa na damu ya mwenyeji wa asili wa Australia, ikaonekana protini mpya. Aliichapisha mwaka 1965 kwa jina la antijeni ya Australia, na baada ya miaka michache ikathibitika kuwa ni ganda la kirusi cha homa ya ini B. Ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1976, na ndiyo hiyo hiyo inayotafutwa leo na kipande cha karatasi chenye tone la damu kwenye kliniki za wajawazito. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 Garri Abelev wa Moscow alikuwa ameona kwa panya wenye uvimbe wa ini protini ambayo kwa kawaida hutengenezwa na kijusi tumboni. Mwaka 1964 Yuri Tatarinov akaikuta katika damu ya binadamu mwenye saratani ya ini. Protini hiyo, alfa-fetoprotini, ikaingia maabara za dunia nzima.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kupitia chakula. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu, na sumukuvu ikajulikana. Swali lililofuata lilikuwa la binadamu. Mwaka 1971 kundi lililomshirikisha Michael Hutt, aliyekuwa profesa wa patholojia Makerere, lilichapisha utafiti wa vyakula vya Uganda: Karamoja, ambako saratani ya ini ilikuwa nyingi kuliko kwingine, ndiko na sumukuvu ilikokuwa nyingi. Mwaka 1973 Peers na Linsell wakatoa matokeo ya Murang'a, Kenya. Kadiri ulivyoshuka kutoka nyanda za juu kwenda mabondeni, sumu iliongezeka kwenye chakula na saratani ikaongezeka pia.

Kupima chungu hakutoshi kujua kilichoingia mwilini. Sumukuvu ikifika kwenye ini hugeuzwa, ikang'ang'ania kwenye DNA. Mwili hukata kipande kilichoharibika na kukitoa kwa mkojo. Mwaka 1983 Autrup na wenzake, wakiwemo watafiti wawili wa Kenya, Wakhisi na Wasunna, waliripoti kwamba wameona dalili za kipande hicho katika mkojo wa watu wa Murang'a. Mkojo wa wakulima ulikuwa umebeba ushahidi wa jeraha ndani ya seli za ini! Kazi hiyo inastahili kutajwa zaidi kuliko inavyotajwa. Mwaka 1992 utafiti wa Shanghai uliowafuatilia wanaume 18,244 ulionyesha uzito wake: waliokuwa na alama za sumukuvu kwenye mkojo pamoja na kirusi cha B walikuwa na hatari ya saratani ya ini zaidi ya mara 50 kuliko wasio na chochote kati ya hivyo.

Kwa makovu yenyewe, hakimu alibaki kuwa sindano. Menghini wa Italia alieleza mwaka 1958 sindano inayochukua kinyama cha ini kwa sekunde moja, lakini kinyama hicho ni takriban sehemu moja kati ya 50,000 ya ini, na sindano inaweza kusababisha damu kuvuja. Hivyo mwaka 2001 watafiti wa Paris walijumlisha vipimo kadhaa vya damu kuwa alama moja. Mwaka 2003 Wai na wenzake wa Michigan wakatoa hesabu nyepesi zaidi, APRI: AST ya mgonjwa hugawanywa kwa kikomo cha juu cha kawaida, jibu huzidishwa kwa 100, kisha hugawanywa kwa idadi ya chembe sahani za damu. Mwenye AST ya 60, kikomo kikiwa 40, na chembe sahani 150, anapata 1.0. Hata zahanati yenye kalamu na majibu mawili ya maabara inaweza kuifanya.

Kasoro ilikuwa kwenye mipaka, yaani namba ambayo APRI ikiizidi mgonjwa huhesabiwa kuwa na makovu. Hesabu ya Michigan ilitokana na wagonjwa wa homa ya ini C, Marekani. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa wagonjwa wa B kwamba APRI inayozidi 2 ihesabiwe sirosisi. Barani Afrika, ambako kirusi kikuu ni B na watu wenye afya mara nyingi wana chembe sahani chache kidogo kuliko Wazungu, mpaka huo haukuwahi kupimwa vya kutosha. Maud Lemoine na wenzake nchini Gambia walitangulia kuonyesha kwamba hesabu inayotumia kimeng'enya kingine, gama-GT, iliwafaa Wagambia zaidi, ilhali kwa wagonjwa wa Ufaransa haikuzidi APRI. Kisha mwaka 2023 ukatoka utafiti wa wagonjwa 3,548 kutoka nchi 8 za kusini mwa Sahara. Mpaka wa 2 uliwatambua asilimia 16.5 tu ya waliokuwa na sirosisi. Waliobaki, zaidi ya wanane kati ya kila kumi, waliachwa. Watafiti hao walipendekeza 0.65.

Hao walioachwa hawakukosa kipimo. Walipimwa, namba ikasomwa kwa mpaka uliowekwa na watu ambao hawakuwa na miili ya kina mama wa Lilongwe wala wavuvi wa Banjul mbele yao. Ni jambo la kuumiza, kwa sababu dawa ya kukizuia kirusi cha B, tenofovir, ilikuwa tayari kwenye rafu za kliniki za VVU barani kote.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliishusha mipaka yake: APRI inayozidi 0.5 inatosha kuwa sababu ya kuanza dawa kwa mgonjwa wa B, na inayozidi 1 inahesabiwa sirosisi. Yule mwenye AST ya 60 na chembe sahani 150, kwa APRI peke yake, alikuwa chini kabisa ya mpaka wa mwaka 2015. Kwa damu ile ile, leo anastahili dawa.