Simujanja na Kitochi: Hesabu ya Faida katika Pwani ya Tanga

Mijadala yetu kuhusu simujanja ina kasoro ya kihesabu: huiandikia simujanja faida zilizoletwa na kitochi. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008 haikuhitaji kioo cha kugusa, na hadi leo muuza samaki wa Pangani anaweza kubonyeza *150*00# kwenye simu ya vitufe na kumlipa aliyeko Tanga mjini. Hata utafiti unaonukuliwa mara kwa mara, ule wa Robert Jensen uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wavuvi wa Kerala, India, ulihusu simu za kawaida. Jensen alionyesha kwamba simu zilipofika, bei za samaki kati ya soko na soko zilikaribiana, na samaki wakaacha kutupwa kwa kukosa mnunuzi. Matokeo hayo hayahamishiki kirahisi kwetu. Mvuvi wa Kigombe au Kipumbwi anaweza kupata bei ya diko la Deep Sea kabla hajageuza chombo, lakini ikiwa mafuta ya mashine alikopeshwa na mchuuzi, samaki wake wana mwenyewe tangu wakiwa baharini. Habari ya bei itamjulisha tu kiasi anachopoteza.

Kwa hiyo swali la kitaaluma si kama simujanja ina faida. Ni nini hasa inachokifanya ambacho kitochi hakiwezi, na kwa nani?

Nianze na viziwi, ambao huachwa mwisho katika orodha za namna hii ilhali kwao tofauti ni kubwa kuliko kwa yeyote. Kwa anayesikia, simu ya video ni nyongeza juu ya sauti aliyokuwa nayo tayari. Kiziwi anayetumia Lugha ya Alama ya Tanzania alibaki na ujumbe mfupi tu kwenye kitochi, nao unadai kusoma na kuandika Kiswahili, lugha ambayo kwa wengi wao ni ya pili na hufundishwa shuleni, kwa aliyebahatika kufika shule inayomfaa. Video ndiyo iliyompa mazungumzo ya papo kwa papo na mtu wa mbali kwa lugha yake mwenyewe. Lakini anayesikia hununua dakika, kiziwi hununua bando, na video hula bando kuliko sauti mara nyingi. Anayeihitaji simujanja zaidi ndiye anayezungumza kwa gharama kubwa zaidi. Sioni sababu ya msingi kwa nini watunga bei wasilitambue hilo.

Mfano wa pili unatoka shambani, na una historia ndefu katika pwani hii. Mwaka 1936 H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani, aliueleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo, uliokuwa umeonekana chini ya milima ya Usambara. Miongo minane baadaye, picha za majani ya muhogo zilizopigwa katika mashamba ya majaribio ya taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA huko Bagamoyo zilitumika kuifundisha kompyuta kutambua michirizi hiyo, batobato na madhara ya utitiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kutokana na kazi hiyo ikatoka programu ya Nuru, ya mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, inayozungumza Kiswahili na kutambua ugonjwa bila intaneti. Mkulima wa Muheza hahitaji bando ili apime jani.

Isisifiwe kupita kiasi. Watafiti walioifundisha kompyuta hiyo waliripoti mwaka 2019 kwamba ufanisi ulishuka modeli yao ya utambuzi ilipohamishiwa kwenye simu na kujaribiwa kwa majani halisi, hasa yenye dalili hafifu. Michirizi ya kahawia ndiyo yenye dalili hafifu kwa tabia: majani ya chini hupauka kidogo, na mkulima hugundua uozo anapong'oa. Kwa hiyo nadhani faida kubwa iko kwa anayezalisha na kuuza pingili za kupanda, kuliko kwa mkulima mmoja mmoja. Pingili mbovu za shamba moja husambaza ugonjwa kwenye mashamba mengi, hivyo simu moja mikononi mwa mkaguzi makini inaweza kufaa kuliko simu ishirini zilizotawanyika.

Hapo, kwenye swali la simu iko mikononi mwa nani, ndipo vipimo vyetu vya faida vinapokwama. Idadi ya laini na ya wenye simu haisemi nani anaishika simu, wala saa ngapi. Katika nyumba yenye simujanja moja, ikiwa mume huondoka nayo asubuhi na mke ndiye anayelima muhogo, jioni simu inaporudi hakuna tena mwanga wa kupigia picha ya jani. Dodoso linalouliza “Je, kaya ina simujanja?” litaihesabu kaya hiyo miongoni mwa wanufaika. Lingeuliza simu ilikuwa kwa nani jana saa nne asubuhi, lingepata jibu jingine.